Ukurasa wa Barafu

Ripoti ilisema kwamba Gunvi Backlund hakuwaonya wanafunzi kuhusu barafu. Sentensi hiyo moja, iliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga ziwa lililoganda, ilimvunjia heshima mwanamke aliyetoa onyo hilo kila Januari kwa miaka minane, mpaka alipokatazwa.

Alikatazwa Oktoba 2014. Programu iliyomwajiri kuwa mratibu mjini Östersund, Uswidi, hupokea wanafunzi wa Kimarekani kwa muhula mmoja, na katika kitabu chao cha mwongozo Gunvi alikuwa na ukurasa wake. Ulieleza ni wapi maji ya mto hupita chini ya barafu na kuila, na namna ya kuvaa shingoni vijiti viwili vyenye ncha za chuma, vya kuing'ang'ania barafu ukitumbukia. Ulieleza pia kwamba siku ya kwanza kila mmoja atafungwa kamba, aruke na nguo zake ndani ya tundu lililokatwa ziwani, ajifunze kujivuta nje. Watoto wa shule wa huko hufanya hivyo, kisha hunywa supu. Makao makuu, ng'ambo ya bahari, yaliufuta ukurasa pamoja na zoezi lake, kwa sababu uliwatisha wazazi. Februari 2017 mwanafunzi aitwaye Desmond Purcell alikatiza ziwa karibu na mdomo wa mto, barafu ikapasuka, akatumbukia. Alitolewa akiwa hai, lakini vidole vitatu havikupona. Ndipo makao makuu yakaandika ripoti.

Novemba ya mwaka huohuo chama kilikuwa kinakuja. Ni chama kisichotafuta faida, na wanachama wake ni programu zenyewe za masomo ya nje: huandika viwango kwa pamoja, na kila baada ya miaka mitano hutuma watu wa programu nyingine, wanaojitolea, wamkague mwenzao. Bila kibali chake vyuo vingi havileti mwanafunzi hata mmoja. Brent Halloway, mkurugenzi aliyehamia Östersund baada ya ajali, alimwekea Gunvi mezani fomu ya kujitathmini.

"Weka sahihi hapa tu, Gunvi."

"Inasema wanafunzi wote huelezwa hatari za mahali hapa."

"Si huwa unawaambia waangalie hali ya hewa?"

"Hali ya hewa si barafu, Brent."

"Mkataba wako unaisha Desemba. Tusianze kufukua ya zamani."

Hakusaini, wala hakukataa. Aliibeba fomu nyumbani, akaiweka chini ya kikapu cha mkate kana kwamba ingejisaini yenyewe. Kila asubuhi alisimama dirishani kulitazama ziwa. Ukingoni ulikwishatanda utando mwembamba, mweupe, unaovutia. Wanafunzi thelathini na mmoja walikuwa wamekwishakata tiketi za Januari.

Kaka yake, Torgny, alimkuta amekaa mbele ya sahani iliyojaa.

"Hujala, dada. Samaki amekukosea nini?"

"Wakaguzi wanakuja kesho kutwa."

"Aa, wale! Watakunywa kahawa yenu, watakula mikate ya mdalasini, watasema hongereni, waende zao. Wageni wana adabu hao."

"Ndicho ninachokiogopa."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba bosi wangu anataka nidanganye?"

"Wee! Ulinisukuma tunduni nikiwa na miaka saba, leo unaogopa watu wawili na vikombe vyao?"

Gunvi alicheka kidogo, akaisukuma sahani kando.

Wakaguzi walikuwa Colm Devaney, Mwairishi kutoka Galway, na Sunniva Tveit kutoka Tromsø, Norwe. Brent, ili waone alivyo na utaratibu, alipanga mezani mafaili yote ya kumbukumbu za vikao, na juu yake akaweka muhtasari wa Kiingereza alioandaliwa na makao makuu. Mafaili yenyewe hakuwahi kuyasoma. Yalikuwa ya Kiswidi.

Gunvi aliliona faili la kijani, la 2014. Katika nchi ile, asiyekubaliana na uamuzi wa kikao ana haki ya kudai pingamizi lake liandikwe, na mwenzake aliyechaguliwa kuhakiki kumbukumbu za kikao husaini chini yake. Yeye alidai. Pentti, msimamizi wa bweni, alisaini. Ilikuwa mistari miwili tu, na ilikuwa imelala pale mezani. Colm alichukua faili la bluu, akalipekua, akalirudisha. Akausifia mkate.

Kanuni ya chama ni kwamba kila mfanyakazi huhojiwa bila mkubwa wake. "Nipo hapo nje tu," alisema Brent. Sunniva akaufunga mlango.

"Kazi inakwendaje?"

"Vizuri."

"Makao makuu wanakusikiliza?"

"Vizuri tu." Gunvi aliisikia sauti yake mwenyewe, akaichukia.

"Dada yangu, nimekuuliza kama unasikilizwa, unanijibu vizuri. Mimi na wewe baridi yetu ni moja. Unaogopa nini?"

Nje ya mlango viatu vya Brent vilikwenda na kurudi. Gunvi aliitazama fomu isiyo na sahihi mapajani mwake.

"Naiogopa Januari," alisema. Kisha, kwa haraka, kabla ujasiri haujamponyoka: "Faili la kijani. Oktoba 2014, kipengele cha saba."

Sunniva alisoma bila kutatizika, kama Wanorwe wanavyosoma Kiswidi, kisha akamfasiria mwenzake: "'Gunvi Backlund anapinga uamuzi huu na anataka iandikwe kwamba ukurasa ukifutwa, mwanafunzi atatumbukia.'"

Colm aliuweka mkate chini. "Na ripoti inasema hakuonya?"

"Ndivyo inavyosema."

"Faili hili ametuwekea nani?"

"Mkurugenzi mwenyewe," alisema Gunvi.

"Tumshukuru," alisema Colm, bila kutabasamu.

Chama kilizuia kibali mpaka ukurasa na zoezi virudishwe. Makao makuu, ambayo hayakuwahi kumjibu Gunvi barua hata moja, yalikijibu chama baada ya siku nne. Mkataba wake uliongezwa kwa miezi sita, bila neno la radhi. Ripoti haijasahihishwa; sentensi ile ingali ndani yake.

Tarehe 15 Januari 2018, saa nne asubuhi, wanafunzi thelathini na mmoja waliruka tunduni, mmoja baada ya mwingine, vijiti vikiwa shingoni, na kamba ilishikwa na Gunvi Backlund.