Mguu wa Mama, Kutoka Mhezi hadi London na Kurudi

Nilipoondoka, wengi wenu hapa Mhezi mlisema kusoma kumenizidi. Mtu ana shahada, kazi ya ualimu inamngoja, halafu anapanda meli kwenda Ulaya kusomea michoro inayotembea. Mama naye hakuelewa, lakini hakunicheka. Likizo moja nilirudi kutoka chuoni Uganda na kijitabu nilichochora mwenyewe. Ukipeperusha kurasa kwa kidole gumba, unamwona kuku anadonoa. Mama alikipeperusha mpaka pembe zikachakaa.

"Sasa picha ikishajua kutembea," akaniuliza, "inakwenda wapi?"

Nikamjibu kwa majivuno ya msomi kwamba nitamchora yeye, na atajiona kwa macho yake akitembea kurudi nyumbani. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitoa hapa.

Asubuhi ya kuondoka, Mama alinisindikiza mpaka kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji. Zaidi ya hapo mguu haukumruhusu. Mnakumbuka ule msaragambo wa zamani, kazi ya kijiji kizima: pembe ililia, watu wote wakatoka kutengeneza ukingo wa ndiva, na jiwe likamwangukia Mama mguuni, mimi nikiwa mtoto mchanga mgongoni. Tangu siku hiyo alichechemea. Ukimhurumia alikujibu kwamba kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele.

"Haya, nenda," aliniambia. "Mimi narudi, makande yasije yakaungua."

Aligeuka, akashika njia ya nyumbani. Nilimtazama kidogo tu, maana mawazo yangu yalikwisha kufika Same. Hilo nalijutia mpaka leo.

Same nilipanda gari moshi. Lembeni akina mama walileta ndizi mbivu madirishani, nami nikaona haya kula nikiwa nimevaa suti, nikashinda na njaa mpaka Voi. Mombasa nikaingia melini. Kuhusu bahari sina la kuwasimulia, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari niliitazama ndoo.

London nilifika wakati wa baridi. Shule ya filamu ilikuwa ghorofa ya juu ya ghala la zamani. Sisi wanafunzi wenye shahada tulikuwa sita, kila mmoja na meza yake ya kioo yenye taa chini, ili karatasi moja uione juu ya nyingine. Hatua moja ya mtu hula michoro kumi na miwili, na kila mchoro unatofautiana na mwenzake kidogo sana. Mwalimu wetu, mzee wa Kiskoti asiyecheka, alikuwa na kanuni moja. "Kabla hujachora, tembea wewe," alisema. "Simama mbele ya kioo, uone uzito unaangukia wapi."

Mama mwenye nyumba nilikopanga alikuwa na kabati lenye kioo kirefu ukumbini. Kila siku baada ya masomo nilichechemea mbele ya kioo hicho, karatasi mkononi.

"Umeumia?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hapana, namtembeza mama yangu."

Akatikisa kichwa, akaniletea chai.

Mwezi wa tano wa masomo, barua ya mdogo wangu Namkunda ilifika. Aliandika: "Kaka, jikaze. Mama alishikwa na kichomi, hakumaliza wiki. Tumemzika kando ya migomba. Baba anasema usikatize masomo." Nilihesabu siku nyuma. Siku waliyomzika nilikuwa mbele ya kabati, nikimwigiza. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akaja kukaa nami.

Nikafikiri kuacha. Kisha nikaona nikiacha, nitakuwa nimempoteza pamoja na hatua zake. Nikachora. Mama na jembe begani, nyuma yake mlima tu, anatoka kwenye ndiva anarudi nyumbani. Nusu dakika ya filamu ilinila miezi saba. Walipoionyesha shuleni, mzee wa Kiskoti alinishika bega. "Huyu ana uzito," akasema.

Nikarudi kwa njia ileile. Same niliazima mashine ya kuonyeshea sinema na jenereta ndogo, tukavipandisha mlimani kwa zamu. Baba nilimkuta amekonda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Karibu. Mwenzangu alikungoja."

Kesho yake mchana tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, tukatundika shuka. Mlikuwepo wengi, mliona. Mama akatokea kushoto, iliko ndiva ukiutazama mlima, akachechemea kuelekea kulia, upande wa nyumbani. Nilingoja mtu aseme jina lake. Hakuna aliyesema.

"Mwanangu," Baba akauliza, "huyu ni nani?"

Namkunda akaniinamia. "Kaka, jiwe lilimwangukia Mama mguu wa kushoto. Huyu anachechemea wa kulia."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimechechemea wa kushoto sawasawa, lakini nikachora nilichokiona, na kioo hugeuza kushoto kikawa kulia. London nzima hakuna aliyeweza kujua. Ninyi mlijua kwa hatua mbili.

Mkanda usio na sauti una matundu kingo zote mbili, kwa hiyo waweza kuugeuza, na picha yote ikageuka. Nikaugeuza, nikawasha tena. Safari hii nyuma yangu nikasikia mtu akisema taratibu, "Mama Namkunda." Mguu ulikuwa wake. Lakini na njia ilikuwa imegeuka. Sasa Mama alitoka upande wa nyumbani, akaelekea ndiva, anatuacha. Nikanyoosha mkono nizime.

"Usizime," Baba akasema. "Sasa ndiye. Mwache aende."

Yale niliyojifunza shuleni, ya wino na taa na uzito wa mwili, nitawafundisha watoto wenu. Lile swali la Mama, picha inakwenda wapi, sikulijibu vizuri, na Ulaya hawakuwa na jibu lake. Nilikaa karibu na Baba tukamtazama akichechemea taratibu, jembe begani, mpaka ukingoni mwa shuka, na hakugeuka.