Mchanga Ndani ya Mpira

Zaituni, mwenye duka la vyombo karibu na stendi ya Same, ameuzoea ugomvi huu. Kila jioni wasichana wakija kucheza rede, mchezo wa kulengana na kukwepa mpira, jirani yake fundi cherehani huudai kwanza mpira wao wa soksi. Huupima kiganjani, kisha huufumua na mchanga humwagika.

“Uzito wote huu mnamlenga nani, tembo?” hufoka. “Bega likiharibika ndiyo basi tena. Na huyu mwembamba ana mkono wa kurusha, jamani! Mwacheni akue.”

Huujaza vipande vya vitenge na kuushona. Mkono wake mwenyewe wa kulia hauvuki sikio. Hata ushungi huufunga kwa wa kushoto.

Jana Zaituni alimkuta fundi peke yake nyuma ya kibanda, ameshika mpira uliojaa mchanga.

“Shoga, si uliwakataza?”

“Mchanga nilianza kuutia kwa ajili ya binti mmoja wa kutoka Mwanga, enzi zangu za rede,” alisema, macho ukutani. “Alikuwa anakwepa, we! Sikumpata hata mara moja.”

Aliinua mkono wa kulia, ukagoma sikioni. Akarusha hivyo hivyo. Mpira ukapita pembeni ya ukuta.

“Kakwepa tena,” akacheka, akijipapasa bega.