Kichwa cha Mtu wa Pampu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililimaliza nikimchotea mwalimu maji, kwa hivyo msinidai mambo ya vitabu. Lakini kahawa naijua. Niliolewa katika kahawa, huku juu Embu, na mume wangu ndiye aliyekuwa akipulizia mashamba ya watu kopa, ile dawa ya buluu ya kuzuia ukungu. Mtu wa pampu kwetu ni kama askofu. Akipita, unampa kiti.

Basi miaka ile dawa za ukimwi zilipoanza kufika kwetu, mzee akashikwa na kichwa. Si kichwa cha kumeza kidonge ulale. Ni kichwa cha kugonga ukuta. Shingo ikakakamaa kama mpini wa jembe. Akaanza kuniona wawili, na siku zote alikuwa akilalamika kwamba mmoja anamchosha. Hospitalini wakamtoa maji ya mgongo, wakasema ukungu umeingia kwenye utando wa ubongo kwa sababu virusi vimemaliza kinga ya mwili. Mimi pia nikapimwa, nikapatikana navyo, nikaanzishiwa dawa. Nayasema wazi, aibu niliiacha kwenye foleni ya kliniki. Yeye alitundikiwa dripu ya dawa kali, akatetemeka na kitanda chake, mpaka kichwa kikatulia.

Siku ya kutoka, daktari, msichana mdogo tu, akamwambia, "Mzee, tembe hizi za ukungu ni za kila siku, pamoja na zile za virusi. Hata ukijisikia mzima. Usiache mpaka tupime damu, tukwambie acha."

"Sawa, daktari," akasema, kwa ile sauti anayoniambia nayo mimi sawa.

Kijijini, virusi tulivifungia ndani, ukungu tukautoa nje. Ukungu ni ugonjwa wa heshima. Hata kahawa ya mwenyekiti wa sosaiti, chama chetu cha wakulima, huupata. Wazee wa kamati ya sosaiti wakaja kumwona, wakamaliza chai yangu, kisha wakaanza kumtibu. Kamati hiyo ilikuwa imeshindwa kutengeneza mashine ya kumenya kahawa, lakini ubongo haukuwashinda.

"Ukungu ni mvua," mwenyekiti akasema. "Mvua ikiisha, nani hupulizia?"

"Hakuna!"

"Basi kumeza dawa kiangazi ni kuharibu dawa."

"Na ateremke Kiritiri," mwingine akaongeza, "kichwa kikauke vizuri."

Nilipinga, nikaambiwa nilete sukari. Jua lilipoanza kuwaka, mzee akaweka tembe za ukungu juu ya kabati, akateremka kwa dada yake Kiritiri, ambako hata mbuzi hukohoa vumbi. Akajianika huko kama kahawa kwenye vitanda vya kiwandani. Watu wakimuuliza anaendeleaje, anajibu, "Nakauka."

Alirudishwa amebebwa, hanijui mimi ni nani. Dripu tena, mgongo tena. Daktari hakugomba. Aliniita kando akasema ukungu ukirudi huja na hasira, na huenda asiamke. Nilikaa nimemshika mguu, nikiwaza nitamzika wapi, maana shamba lote ni kahawa, na yeye mwenyewe angekataa tung'oe hata mti mmoja.

Alipozinduka, neno la kwanza aliuliza kama mvua imeanza. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Baba watoto, kila kiangazi unanisimamisha juani kwenye miti yako. Huwa nikitoa nini?"

"Kahawa kavu zilizobaki."

"Nazitoa kwa nini, na hakuna mvua?"

"Wee mama, huelewi? Ukungu hujificha humo. Ukiziacha, mvua ikija tu..."

Akajipapasa kichwa taratibu, kama mtu anayekagua tunda.

"Leta zile tembe za juu ya kabati," akasema.

Alizimeza masika na kiangazi, mpaka kliniki yenyewe ilipomwambia basi, kinga imerudi. Kabla ya hapo kamati ilikuja tena. Mwenyekiti akamwona na kikombe cha maji na dawa mkononi, jua likiwaka nje.

"Mzee, unameza dawa na hakuna hata wingu?"

"Mwenyekiti," mume wangu akasema, "nimepita shambani kwako. Zile kahawa kavu mbona bado ziko mtini?"

Siku hiyo chai ilibaki.