Jani la Isale Mbele ya Bwana Shauri

Asubuhi niliyoanza kazi ya ukalimani katika boma la Moshi, ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, na viatu vyangu vya kuazima vililia kila hatua. Karani Mkuu, mzee wa Tanga mwenye kanzu nyeupe na Kiswahili laini, alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Lugha ngapi?"

"Shikamoo, mzee. Kivunjo cha mama, Kirombo cha wajomba, Kimachame cha shuleni. Na Kiswahili."

"Hicho cha mwisho tutakionea huruma," alisema. "Sikiliza, kijana. Mkalimani ni mfereji. Maji yaliyoingia ndiyo yatokayo. Ukiongeza tone, umeidanganya Serikali."

Nikaapa kuwa mfereji. Nyinyi mnaosoma leo, mjue kwamba siku zile mlima ulikuwa na ndimi nyingi. Sokoni, mama wa Rombo na mama wa Machame walielewana kwa vidole na vicheko. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita ofisa wa wilaya aliyeamua kesi, alijua Kiswahili cha vitabuni. Wazee wa vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya ukoo, walijua cha kusalimia tu. Katikati nilisimama mimi, na niliipenda kazi ile kama mtu apendavyo sauti ya maji nyuma ya nyumba yao.

Mwaka wangu wa tatu aliletwa Ndeore, mkulima wa Rombo, aliyebomoa mfereji wa kaka yake hadi ulezi ukakauka. Kaka yake ndiye aliyemshtaki. Bwana Shauri alimwambia Ndeore ajitetee, la sivyo angefungwa miezi sita. Ndeore hakufungua kinywa. Alitoa kifuani jani refu la isale, akalipiga fundo, akaliweka magotini pa kaka yake, akainama.

Kwetu Wachagga isale hupandwa mipakani na makaburini. Anayekuletea jani lake anaomba msamaha, na kumkatalia ni kuwakatalia waliozikwa.

"Amesema nini?" Bwana Shauri aliuliza, kalamu mkononi.

"Ameomba msamaha, Bwana."

"Mdomo wake haukufunguka," Karani Mkuu alisema. "Huyu anaongeza maji."

"Jani ndilo lililosema, mzee."

"Basi kesho tuiapishe na migomba."

Watu walicheka. Kaka yake Ndeore hakucheka. Alilishika jani kwa mikono miwili. "Nimepokea," alisema kwa Kirombo, na hilo nililitafsiri bila kuongeza tone.

Bwana Shauri aliifuta kesi. Ndugu wale walipanda mlima pamoja. Mimi, kwa barua ya Karani Mkuu, nilihamishiwa Kahe, kwenye joto na mbu, nikajifunza Kikahe kuanzia salamu. Nilikaa huko miaka mingi, nikakipenda nacho.

Sasa wajukuu wangu wana Kiswahili kizuri kuliko changu. Kivunjo hukielewa nikikasirika tu. Siwalaumu. Ila huwapeleka mpakani mwa kihamba, nikawaonyesha isale, nikawasimulia siku niliyostaafu.

Siku hiyo mzee mwenye mkongojo aliingia ofisini kwangu polepole. Alikuwa Karani Mkuu. Hatukuwa tumesalimiana tangu kesi ile. Aliweka jani mezani, fundo lake limefungwa vibaya, kama la mtu aliyefundishwa ukubwani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitika. Alikuwa akisubiri.

Nikalichukua kwa mikono miwili.