Vinyoya Vilivyokunjwa

Watu wakisikia natoka Kericho huniuliza kwa nini sikimbii. Nimechoka kujibu. Milima yetu imewafaa wakimbiaji, lakini sisi wa mpira wa vinyoya imetupa taabu tupu. Hewa ya huku ni nyepesi, na kinyoya ukikigonga kwa kawaida kinapaa hadi nje ya mstari kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Vile vya mwendo wa polepole vinavyotufaa hatukuvipata madukani. Kwa hiyo tulikuwa tunakunja ncha za manyoya ya kila kinyoya kwa nje, moja baada ya nyingine, kwa kidole gumba, ndipo kitulie. Nilianza nikiwa darasa la sita. Kufikia utu uzima nilikuwa nakunja huku nawaza mambo mengine kabisa.

Mwenzangu katika mchezo wa wawili wawili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Merigi. Alinizidi miaka kumi na mmoja. Nilimwita Mwalimu, naye aliniita "wewe msichana" hata mbele ya kocha. Tulipochaguliwa kwenda kwenye mashindano ya kimataifa ya timu za wanawake, aliniambia waziwazi kwamba hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Magoti yalikuwa yamekataa, na mumewe alikuwa amechoka kukamua ng'ombe peke yake. Alitaka kitu kimoja tu, kuacha mchezo akiwa ameshinda. Timu yetu haikuwa imewahi kuvuka hatua ya makundi.

Mashindano yalikuwa ugenini, katika mji wa bondeni wenye joto la kuchosha. Timu mbili zikikutana huchezwa michezo mitano, na wanaoshinda mitatu ndio washindi. Siku ya mwisho ya kundi tulikuwa mbili kwa mbili. Mchezo wa tano, wa kuamua kila kitu, ukawa wetu mimi na Mwalimu.

Huko bondeni hewa ni nzito. Kinyoya chenyewe kilikuwa kivivu, na kukikunja kulinidhuru badala ya kunifaa. Lakini mazoea yana taabu. Katika seti ya pili refa aliona kidole changu kikifanya kazi yake, akaniita, akanionyesha kadi ya njano. Sheria hairuhusu mchezaji kubadilisha umbo la kinyoya.

Mwalimu akaninong'onezea, "Wewe msichana, kama hujui pa kuweka vidole, shika raketi na mikono yote mbili."

Nikacheka. Kweli nilicheka, na leo nikikumbuka naona haya.

Seti ya tatu tulifika ishirini kwa ishirini. Ilikuwa zamu yangu kuanzisha. Mpinzani akanirushia kinyoya, nikakidaka, nikavuta pumzi, nikamtazama Mwalimu. Alikuwa ameinama tayari, akisubiri. Nilipoangalia mkononi, manyoya matatu yalikuwa yamekunjwa. Refa akainua kadi nyekundu, akataja jina langu, na pointi ikaenda kwao. Wakaanzisha wao, wakibakiza pointi moja tu washinde. Mwalimu alikikimbilia kinyoya kilichodondoka karibu na wavu, goti likamwangusha, na tukawa tumeshindwa.

Nyumbani watu walikuwa wametazama kwenye simu. Picha ilikuwa inakwamakwama, sauti haikusikika, na sisi wawili tulivaa sare moja. Kadi waliiona, ila hawakujua ni ya nani. Wenzetu wengine wa timu waliishia Nairobi. Tuliporudi Kericho na kocha, ukumbi wa mazoezi ulikuwa umejaa wazazi na wasichana, na mzazi mmoja akauliza kadi ilikuwa ya nani. Nilifungua mdomo. Mwalimu akaniwahi.

"Ilikuwa ni mimi," akasema. "Mnisamehe."

Kocha alitazama viatu vyake.

Nje nikamshika mkono. "Mwalimu, mbona umesema hivyo?"

"Wewe bado uko na miaka ya kucheza. Mimi nimemaliza. Wacha waniseme, watanipata huko kwa ng'ombe."

Ningeweza kurudi ndani. Mlango ulikuwa wazi na watu bado walikuwa wamekaa. Nilijiambia nitasema kesho yake, halafu Jumapili, halafu mwaka uliofuata nikachaguliwa tena kwenye timu, na baada ya hapo sikujiambia tena.

Juzi nilienda Merigi kununua viazi vya duka la mama. Muuzaji, mama mmoja mcheshi, alinitambua.

"Si ni wewe ulikuwa unacheza na yule mwalimu wetu? Huyo alituangusha kabisa! Mpaka watoto wa shule wanamwita Kadi Nyekundu."

Akanitazama akingoja nicheke naye.

"Ni kweli," nikasema, "alituangusha." Nikamwambia anipimie madebe mawili.