Uzi wa Shanga Kiunoni

Ugoro wa bibi ulikuwa na harufu kali ya kuwasha pua, na mpaka leo nikiisikia mahali, mkono wangu unakwenda wenyewe kiunoni. Kila Jumapili kabla ya kanisa alinusa kidogo, kisha akaniita nisimame mbele yake akague uzi wa shanga niliovaa. Tuliishi wawili tu Mbalibali, maana wazazi wangu walikuwa wamekimbilia dhahabu Nyamongo, baba akichimba, mama akipikia wachimbaji. Walitutumia sukari na mikate, vitu tusivyovizoea, kwa hiyo tumbo langu lilipoanza kukua bibi alifurahi kweli. Uzi ukibana, aliurefusha kwa shanga za rangi nyingine na kuwatambia majirani: "Mwangalieni Bhoke, dhahabu imekaa tumboni!" Nami nilitembea nimelitanguliza tumbo kwa maringo, mjinga mimi.

Nilipoanza kutapika kila nilichokula, alinipeleka hospitali Mugumu kwa baiskeli ya jirani. Daktari alimwamkia shikamoo, akanigonga tumbo kwa vidole, kisha akanishika mikono, iliyokuwa imekonda.

"Bibi, mtoto akinenepa, hata mikono hunenepa. Huu ni uvimbe. Ulianza lini?"

Bibi hakujua tarehe. Alinipandisha gauni, akaonyesha uzi. "Hizi nyeupe alivaa akiwa mzima. Nyekundu niliongeza tukipanda ulezi. Bluu, tukivuna. Nyeusi hizi, juzi tu."

Daktari alizitazama zile nyeusi. Akasema ndani kuna mfuko wa maji unaokua haraka na kubana utumbo, nipasuliwe kesho yake, la sivyo wangenipoteza.

Asubuhi nesi alikuja na mkasi kuukata uzi. Bibi akakataa. Alipiga magoti kando ya kitanda, akalifungua fundo kwa meno, pumzi yake ya ugoro ikinipasha tumbo. Nililia sana.

"Nitaufunga tena," akasema. "Wewe rudi tu."

Nilirudi. Shanga nyeupe peke yake zilinitosha, na bibi akalia wodini bila kujificha. Baada ya hapo hakukosa kunikagua Jumapili hata moja, hadi nilipoingia sekondari Issenye, nikaanza kuona aibu. "Bibi, niache, nilishapona." Akaniacha.

Siku hizi binti yangu akilalamika tumbo, anapigwa picha ya ultrasaundi na majibu tunapewa palepale. Nashukuru. Lakini bibi hayupo, na ninamkumbuka mno. Watu hunipigia simu kuniuliza hali, nami hujibu salama, nao wananiamini. Bibi asingeniamini. Angeniambia nisimame.