Ugonjwa Niliojitwika Kule Mulimani

Kule mulimani tulikuwa watu wawili wa kulala na watatu wa kupita. Wa kulala: mimi na mume wangu, muzee aliyenioa nikiwa ningali na meno yote. Wa kupita: binti yetu wa kwanza, aliyetusindikiza mpaka mulangoni, bwana yake, yaani mukwe wetu, mufanya biashara wa kutoka Butembo, yeye njo mwenye nyumba na malisho, na mama mumoja, muke wa muchungaji wa ng'ombe, aliyekuwa anatuletea maziwa asubuhi. Majina yao yote niko nayo, na ya baba zao, na ya ng'ombe wawili. Binti yangu alisema nisiyaandike, kwa sababu siku hizi jina la muntu linaweza kumuletea shida. Basi nimeyaacha.

Mukwe wetu njo yeye aliyeleta lile wazo. Alikuwa amejenga nyumba ya mabao juu kabisa ya Kibabi, pale mashamba yanaishia na majani ya ng'ombe yanaanza. Chumba kimoja, kitanda kimoja, dirisha moja. Alisema: "Papa na Mama waende wapumuzike siku tatu, kama vakansi. Wazungu wanaendaga milimani kupumuzika, na milima hata si yao."

Mume wangu alikataa. Kwetu muntu hawezi kulala chini ya mabati ya mukwe wake, ni haya kubwa.

"Nilale mu nyumba ya mutoto aliyenitolea mbuzi za mahari?" alisema. "Asubuhi nitamutazama namna gani?"

"Papa, ile hapana nyumba," binti yake akamuambia. "Iko kibanda cha ng'ombe tu. Ukilala mule, umelala kwa ng'ombe."

"Na ng'ombe iko ya nani?"

"Ya Mungu, Papa."

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekonda sana, shati lake lilikuwa linaning'inia kama limeanikwa. Lakini alicheka, na akakubali.

Mimi nilijua sababu ya ile safari, yeye hakuijua. Wiki ile binti yetu alikuwa amenivuta nyuma ya nyumba yetu, huku chini karibu na Kirotshe tunakoishi, akanipa maneno ya dokta. Ini ya baba yake ilikuwa imeisha. Dawa hakuna. Miezi miwili, ao mitatu. Dokta aliambia binti, binti akaniambia mimi, na hapo maneno yakasimama.

"Mama, umuambie weye," alisema. "Kule juu mutakuwa wawili. Umuambie, ili aseme mwenyewe anataka kuzikwa wapi."

Lile neno halikuwa dogo kwetu. Mume wangu alizaliwa Kibabi, baba yake na babu yake wamelala kule ndani ya migomba. Vita vilitushusha kando ya ziwa, na kando ya ziwa tumezika watoto wetu wawili. Wavulana wetu wangetaka baba yao alale huku, karibu na wale wawili. Ndugu zake wangetaka arudi kwenye mulima. Nilikwisha kuona mambo hayo kwa kaka yake mukubwa, aliyekufa bila kusema: sanduku lilikaa siku mbili chini ya turubai, watu wazima wanatukanana juu yake, mvua inanyesha. Niliapa mazishi ya wangu hayatakuwa hivyo. Basi kazi yangu kule mulimani ilikuwa ile moja: nimuambie ukweli, aseme maneno yake.

Gari la mukwe lilitufikisha pale barabara inakufa, kisha tukapanda na miguu. Mume wangu, ameegemea binti yetu, alikuwa anakaa kwenye kila jiwe. "Naangalia tu milima," alisema. Tukafika mchana, ukungu umeshuka mpaka mulangoni, hata ng'ombe unasikia kengele yao tu. Binti yetu akawasha mbabula, jiko letu la makaa, akatandika kitanda, akalia kidogo akiwa ameinama juu ya mashuka. Akanifinya mukono, akashuka na bwana yake.

Siku ile sikusema. Tulikaa mbele ya moto wa makala, blanketi moja juu ya magoti yetu wawili. Aliniuliza kama mbuzi tumezifunga vizuri. Nikasema ndiyo. Ukungu uliingia kwa tundu za mabao kama moshi wa muntu anayevuta tumbako inje.

Asubuhi ya pili jua lilitoka. Mama wa maziwa akaja na bidoni yake ya maziwa, akasimama mulangoni, mukono kiunoni.

"Niliambiwa huku juu kuna maharusi," akasema. "Maharusi wenyewe njo hawa?"

"Njo sisi," mume wangu akajibu. "Tulitoka tukiwa vijana. Barabara iko mubaya, tumezeekea njiani."

Yule mama akacheka, akatumiminia maziwa, akaenda zake. Nikaona huu njo wakati, muzee ana furaha, tumbo lake limepokea maziwa. Nikasema.

Sasa musikie namna nilivyosema, maana kosa langu liko hapo. Mimi nilizaliwa Kibua, ngambo ya Walikale. Kwa watu wa kwetu, mwanamuke hatoi ugonjwa wa kifo wa bwana yake kwa kinywa chake. Ukiutaja, umeuita, na ndugu zake watakuuliza ulikuwa unafurahia nini. Basi muke anajitwika. Anasema: mimi ni mugonjwa, nimeambiwa sitapona. Bwana anajua hapohapo kwamba ni yeye. Mama yangu alimuambia baba yangu hivyo, mimi nikiwa natwanga muhogo palepale. Baba akainamisha kichwa, akasema asante, na kesho yake akaita ndugu zake.

Nami nikashika magoti yangu, nikamuambia bwana yangu: "Papa, dokta amesema ini yangu imeisha. Dawa hakuna. Ni miezi miwili, ao mitatu."

Zaidi ya miaka makumi ine nimekula chakula cha Kibabi, nimesema luga ya Kibabi, nimezalia Kibabi. Nilisahau kwamba ile desturi ilibaki Kibua, sikuileta, na bwana yangu hakuioa pamoja nami.

Aliweka kikombe chake chini. Kisha akanishika mukono, mchana, mulango wazi, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Njo maana mutoto alilia jana," alisema. "Nilimuona. Na njo maana hauli. Nilisema, huyu mama hali chakula sababu ya nini?"

Kila kitu alikuwa amekiona, akakiweka chote juu yangu.

Ningefungua kinywa palepale. Neno moja lingetosha: hapana, si mimi. Lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini akasimama. Muntu aliyekuwa amekaa miezi ine, anainuliwa na watoto kwenda chooni, akasimama mwenyewe, akachukua bidoni yetu ya maji, akaenda kuteka. Nilimufuata na macho mpaka kwenye mutelemuko. Alirudi na nusu ya bidoni, jasho usoni, baridi ile yote.

"Kaa chini, weye," alisema. "Mugonjwa hatembei."

Akamenya viazi. Mwanaume yule hakuwahi kumenya kiazi tangu mama yake amuzae. Alikuwa anatupa kiazi anaacha ganda.

"Papa, tutakula nini, ikiwa unachonga mulima?"

"Mugonjwa hasemi."

Tulikuwa na kuku mumoja, mukwe alituachia amekwisha kuchinjwa. Alipoiva, mume wangu akatafuta firigisi ndani ya sufuria, akaiweka kwenye sahani yangu. Kwetu hiyo ni nyama ya mwenye nyumba, mwanamuke haili, hata watoto wanajua. Nikamuambia siwezi. Akasema, "Nani atakuona? Ng'ombe?" Nikaila. Ilikuwa nyama tu, ngumu kidogo. Niliimeza na machozi, naye akafikiri ninalia kwa ajili yangu.

Siku ile alikuwa tena yule kijana aliyekuja kwetu Kibua na miguu, siku tatu porini, kuniomba. Ningemurudisha kwenye kiti chake cha ugonjwa namna gani? Nikasema, kesho. Kesho nitamuambia.

Kesho yake akanitoa inje, fimbo mukono mumoja, mimi mukono wa pili. Tulitembea polepole mpaka pale unaona mulima wa baba yake chini, migomba yake myeusi kabisa kwa umande.

"Sikulala," alisema. "Nilikuwa nafikiri juu yako. Kukurudisha Kibua siwezi, barabara haina usalama. Kando ya ziwa sikuachi, pale tumepanga tu kwenye kiwanja cha watu. Nitakuzika kwa baba, chini ya mugomba ule wa mwisho, upande jua linaanza kugonga. Weye unapenda jua."

Nikamuuliza, "Na weye, Papa? Weye wakuzike wapi?"

Alicheka. "Miye? Tumalize kwanza na weye. Miye ningali na wakati."

Nilisema, "Papa, nisikilize." Kweli nilisema hivyo. Lakini mama wa maziwa akatokea kwa njia akitusalimia kwa sauti, na mume wangu akamugeukia. Nikaenda kutafuta sufuria ndani ya nyumba. Niliporudi walikuwa wanasemezana chinichini, yeye anaonyesha na fimbo, yule mama anatikisa kichwa. Waliponiona wakanyamaza. Mchana gari likaja kutuchukua pale barabara inakufa. Muzee akanikatalia kubeba hata kibunda changu cha nguo. Akakibeba yeye.

Nyumbani akawaita watoto, akawaambia mama yenu atatutoka, mumuheshimu. Binti yetu wa kwanza akanitazama. Nikatazama chini. Kisha akanivuta tena kule nyuma.

"Mama, umefanya nini?"

"Nilimuambia."

"Ulimuambia nini?"

Nikamueleza desturi ya kwetu. Akashika kichwa na mikono miwili. Alisema angemuambia baba yake yeye mwenyewe, kesho yake. Lakini kesho yake alimukuta baba yake anapepea mbabula, ananipikia uji, na akarudi bila kusema. Hivyo tukawa wawili wa kunyamaza. Kila siku baba yao aliuliza watoto, "Mama yenu amekula?" Mimi nilikuwa nalala kitandani muzima, bwana yangu anakufa amesimama.

Mambo hayo yaliisha wiki ya sita. Alikuwa anapasha maji ya kuniogesha, asubuhi. Nilisikia birika likianguka. Aliniambia, "Usiinuke." Maneno mengine sikusikia.

Wakaja wote, ndugu zake na wavulana wangu. Sanduku lilikuwa halijafungwa, sauti zikaanza kupanda. Mukubwa wa wavulana akanigeukia: "Mama, Papa alisema nini?"

Nikasema: "Alisema kwa baba yake, chini ya mugomba wa mwisho, upande wa jua."

Maneno ni yake, sikuyatunga. Lakini yalikuwa ya kaburi langu. Wavulana wakatii, ndugu zake wakanisifu kwamba ni muke wa kweli, na tukamupandisha na mvua mpaka kule. Wamemulaza mahali pangu. Yeye hakupenda jua hata siku moja, lilikuwa linamuumiza kichwa, na watoto wake wawili wako peke yao kando ya ziwa.

Sasa nimeandika, na wale waliobaki wasome. Yule mama wa maziwa alihama na bwana yake wakati barabara ilichafuka tena na vita, sijui wako kambi gani. Kama mutoto wake anajua kusoma, amusomee hapa. Mama, siku ile na fimbo, muzee alikuonyesha nini? Alikuwa anasema juu yangu tu, ao alitaja na mahali pake pa kuzikwa? Kama alisema ziwa, niambie, sitakukasirikia, wavulana wangu wako na nguvu za kumushusha. Na ninyi wengine, kama siku zilikuwa ine hapana tatu, ao kuku walikuwa wawili, munirudishe kwenye ukweli. Kichwa changu kiko kinashika majina, lakini maneno ya watu pengine nimeyachanganya.